Sinema ya mapanki na ndege za Ilyushin: swali la silaha lilijibiwa au lilizikwa?

Kapripoint (mtoa mada)

Wakuu, kila inapotajwa Darwin's Nightmare, ambayo hapa kwetu ni sinema ya mapanki, mazungumzo huishia kwenye mifupa na vichwa vya sangara. Kwa asiyeijua: ni filamu ya Hubert Sauper, raia wa Austria. Ilitoka 2004, ikapata tuzo ya César ya filamu ya kwanza bora huko Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo ikawania Oscar. Mwisho wa Julai 2006 Rais Kikwete aliikemea akiwa hapahapa Mwanza, na Agosti watu wakaandamana mjini. Mwandishi wa habari wa hapa aliyeonekana ndani yake alikamatwa, uraia wake ukatiliwa shaka.

Lakini uti wa mgongo wa filamu ile si mapanki. Ni swali moja ambalo mtengenezaji anamuuliza huyu na yule: ndege zinazokuja kubeba minofu zinakuja na nini, silaha au tupu? Jibu la uwanjani lilikuwa "tupu". Msimamo wangu ni kwamba swali lilikuwa halali, ushahidi uliotolewa ulikuwa haba, na majibu yetu hayakuligusa swali lenyewe. Tulitetea heshima ya mji, tukaacha kuonyesha karatasi. Karibuni mnipinge.

Ghuba ya Speke

Nakupinga hapo kwenye "halali". Swali likirudiwa tena na tena bila jibu linageuka tuhuma. Itazame upya kwa makini, mkuu. Hakuna sanduku hata moja la silaha linaloonekana uwanja wa ndege wa Mwanza. Ungamo zito kuliko yote ni la rubani Mrusi, karibu na mwisho, anayeeleza jinsi alivyopeleka mashine kubwa za kivita Angola, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Angola na Johannesburg. Mwanza haimo katika safari hiyo. Ila kwa kuwa maneno yale yamewekwa baada ya saa nzima ya picha za Mwanza, mtazamaji wa Paris anatoka ukumbini akiamini bunduki zilishushwa hapa Ilemela, uwanja ulipo. Picha mbili zimewekwa jirani mpaka zikazaa maana ya tatu ambayo hakuna aliyeitamka.

Dada wa Nyamanoro

Kaka Speke, na wale wanaosema mahakama ya Paris ilithibitisha filamu nao wanakosea. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliishambulia filamu kwa makala na kitabu, Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 Garçon akaonekana na hatia. Ile ilikuwa kesi ya kashfa, yaani kuchafuliwa jina. Mahakama haikukaa kupima kama silaha zilipita Mwanza. Pande zote mbili huitaja hukumu ile kama rungu, na kwa jambo hili si rungu la yeyote.

Mzani wa Mizigo

Naomba nilete hesabu za ndege, maana mjadala huu umekwama miaka yote kwa sababu watu wanabishana kuhusu nia badala ya uzito.

Ilyushin Il-76 ya toleo la TD, ndege kubwa ya mizigo iliyobuniwa Urusi ya Kisovieti, inaruka ikiwa na uzito usiozidi tani 190, na mzigo wake ni hadi tani 50 hivi. Ikibeba mzigo kamili inafika umbali wa kama kilomita 4,000. Ikiwa tupu na matanki yamejaa, inapita kilomita 7,000. Hapo ndipo penye jambo. Kutoka Mwanza na minofu, lazima itue njiani kuongeza mafuta: ile iliyoanguka ziwani mara tu baada ya kupaa, tarehe 23 Machi 2005, ikaua watu wote 8 waliokuwamo, ilikuwa ielekee Croatia kwa kupitia Khartoum na Benghazi. Lakini kuja Mwanza ikiwa tupu, kutoka kusini au mashariki mwa Ulaya, ndege hiyo inaweza kufika moja kwa moja. Basi ikiwa ndege "tupu" ilitua mahali wakati wa kuja kusini, swali la haki ni hili: ilitua kufanya nini?

Majibu ya halali yapo. Mafuta hutofautiana bei sana kati ya nchi na nchi. Marubani wana kikomo cha saa za kazi. Na mara nyingi ndege haikuwa tupu hata kidogo: mwenye ndege alipata mzigo wa misaada au mitambo wa kupeleka nchi nyingine, akaushusha, ndipo akaja kuchukua samaki. Hakuna mfanyabiashara anayependa kuchoma tani 8 za mafuta kila saa kwa tumbo tupu, na Mwanza haikuwa na mzigo wa kutosha wa kuingia kwa ndege. Kwa hiyo neno "tupu" lililosemwa uwanjani Mwanza linaweza kuwa kweli kabisa na bado lisijibu kitu. Lilikuwa kweli kwa kipande cha mwisho cha safari tu.

Jambo la pili, ambalo watu wa Ulaya waliotazama filamu hawakulifikiria. Minofu mibichi inasafiri kwenye maboksi meupe mepesi, joto likiwa karibu na sifuri. Ukiweka kilo 6 kwa boksi, tani 50 ni zaidi ya maboksi 8,000. Yanapangwa kwa mikono, kwa saa kadhaa, na makuli wengi. Kabla ya hapo tumbo la ndege lazima liwe wazi na safi, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anakataa mzigo kwa uchafu, na baada ya marufuku za Ulaya za miaka ya 1997 hadi 1999 viwanda vilikuwa na woga mkubwa wa kurudishiwa samaki. Kuficha shehena ya silaha mbele ya macho yote hayo ni kazi ngumu. Mtu mwenye akili angeishusha mapema, kwenye kituo ambacho hakuna anayengoja kupakia samaki.

Kwa hiyo nasema pande zote mbili zilikuwa zinatazama uwanja usio wake. Filamu ilipiga kambi Mwanza, serikali ikakanusha Mwanza.

Ghuba ya Speke

Mzani, hesabu nimezipokea. Ila unaniongezea hoja mimi: kama kipande chenye shaka hakikugusa ardhi yetu, kwa nini jina lililochafuka ni letu?

Mzani wa Mizigo

Kwa sababu samaki ndiye aliyelipia safari ya kurudi. Bila tani 50 za uhakika za kurudi nazo, safari ya kuja inakuwa ghali mno kwa mtu yeyote, wa misaada au wa silaha. Kusema hivyo si kumshtaki mwenye kiwanda, ni kueleza nauli inavyokaa. Na ndiyo maana nasikitika kwamba hatukudai karatasi za safari nzima wakati zilipokuwa bado mbichi.

Kapripoint

Karatasi zipi hasa? Zitaje, maana watu husema "ushahidi" kama neno la mahubiri.

Mzani wa Mizigo

Naanza na hati ya mzigo wa ndege, moja kwa kila kipande cha safari, si ya Mwanza pekee. Unaiweka karibu na mpango wa safari uliowasilishwa kwa waongozaji wa anga wa kila nchi, na vibali vya kupita anga. Kisha karatasi ya mizani, inayoonyesha uzito wa ndege kabla ya kuruka. Halafu risiti za mafuta. Hizi za mwisho zinapuuzwa, na ndizo zenye nguvu: ndege iliyobeba tani 40 inachoma mafuta mengi kuliko iliyo tupu, kwa hiyo ukijua iliondoka na mafuta kiasi gani na ilifika na kiasi gani, unaweza kuona kama "tupu" ilikuwa tupu. Kudanganya hati moja ni rahisi. Kudanganya nne zilizoandikwa na watu wanne katika nchi tatu, zikubaliane, si rahisi.

Panapoharibika ni hapa. Mzigo unaandikwa "vipuri vya mashine". Ndege inabadilisha usajili, leo herufi za Moldova mkiani, kesho za nchi nyingine, na faili la jana halifuati. Mpango wa safari unabadilishwa ndege ikiwa angani. Tena hati ya mtumiaji wa mwisho, ile inayosema silaha ni za jeshi la nchi fulani, ilikuwa ikighushiwa na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Leo mtu mwenye kipokezi kidogo anafuatilia ndege nyingi angani kwa intaneti. Wakati filamu inapigwa hilo halikuwepo kwa raia, na hapo nampunguzia Sauper lawama kidogo.

Mwaloni Kirumba

Ndugu zangu, mnazungumza ndege zilizokwisha kupungua. Minofu mingi sasa inatoka kwa malori, wakati bunduki bado ziko ziwani. Mtu yeyote anayefuatilia uvuvi wa Ukerewe, Kome au Ukara anajua sura ya tukio: mtumbwi wa sangara wenye watu 3 au 4, nyavu ziko majini, wanangoja kuvuta alfajiri, taa imewashwa. Wanaowajia wanataka injini ya mashua kwanza, kisha nyavu, na siku hizi mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, kwa maana mfuko mdogo wa mabondo una thamani kuliko samaki wote waliomo. Bunduki moja na risasi chache zinatosha mitumbwi mitano.

Na silaha hizo hazihitaji Ilyushin. Bunduki ya aina ya AK ina kilo kama 4. Mia moja hazifiki nusu tani, na mtumbwi wa futi 30 hubeba mzigo huo bila kuzama hata kidole. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walikimbia vita vya Rwanda, wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya kama saa 24. Wengi mno walikuwa wanaokoa roho zao tu, lakini katika vita vile baadhi ya silaha zilipita mpakani pamoja na wenye nazo, na nyingine zikauzwa. Filamu iliyotaka kusema juu ya bunduki na watu wa ziwa ingeanzia hapo na kwenye magobore yanayochongwa vijijini.

Kapripoint

Hapo naona unahamisha goli. Filamu iliuliza silaha zinazokwenda vitani Kongo na Angola, wewe unajibu kwa ujambazi.

Mwaloni Kirumba

Nahamisha kwa makusudi, mkuu. Bunduki ya vita ndiyo inayokuja kuwa ya ujambazi. Ni chuma kilekile.

Kitako cha Ganda

Kama ni chuma kilekile basi chuma kinaweza kuulizwa, na hili ndilo linaloniuma kuliko filamu.

Risasi nyingi za kijeshi zina alama mbili kwenye kitako cha ganda: msimbo wa kiwanda na tarakimu za mwaka. Mwaka peke yake unafunga mlango mmoja mara moja. Ganda lenye mwaka wa baada ya 1994 halikuja na vita vya 1994. Mwaloni, kabla hujasema zimetoka Rusumo, soma kitako. Na anayesema zimetoka kwenye ndege za samaki, naye asome.

Ushahidi wa tukio la ziwani huharibika kwa njia zilezile kila mara. Maganda yanadondokea ndani ya mtumbwi, yanachotwa pamoja na maji na kumwagwa. Mtumbwi wenyewe ni eneo la tukio linalotembea: unaoshwa kabla ya kufika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Wavuvi wanaripoti kwenye mwalo wa karibu, ambao huenda uko wilaya nyingine au hata mkoa mwingine, kwani upande wetu ziwa linagusa mikoa mitano, na jalada linaanza kuhama.

Kinachotakiwa ni kidogo. Mtumbwi usioshwe. Ganda lisiokotwe kwa vidole bali kwa kijiti kilichoingizwa mdomoni mwake, au kwa karatasi. Kila ganda liwe na bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, na unyevu unaharibu alama. Juu ya bahasha iandikwe saa, namba ya chombo, na mahali kwa namba za GPS ya simu, si "karibu na kisiwa". Uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, unaweza kuwa na bahasha ishirini na kalamu, kisha ganda na chombo vikabidhiwe polisi kwa kuandikishana.

Kikomo chake nacho tukiseme. Ganda linakuambia kiwanda na mwaka, halikuambii njia. Kiwanda kikiulizwa kilimuuzia nani, kitataka namba ya toleo, yaani ya kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, na hiyo imeandikwa kwenye bati na sanduku, haipo kwenye ganda. Kwa hiyo bati tupu la risasi lililotupwa kisiwani lina thamani kuliko maganda mia. Watu wanaligeuza ndoo.

Dada wa Nyamanoro

Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 ilizitaka nchi za ukanda huu, yetu ikiwemo, ziweke alama kwenye bunduki inapotengenezwa na inapoingizwa nchini. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ni ya 2015. Kitako, alama za kwenye bunduki zinasaidia, au zinafutwa kwa tupa?

Kitako cha Ganda

Zinafutwa, dada, lakini si zote. Anayesugua anaishia pale jicho linapoacha kuona. Kugonga namba kunabana chuma chini ya uso, na maabara yenye tindikali sahihi mara nyingi huirudisha. Tena namba hurudiwa kwenye sehemu nyingine za bunduki, na msuguaji anasahau mojawapo. Kinachozuia kazi hiyo ni kwamba bunduki iliyokamatwa inahesabiwa tu, "SMG (bunduki ya rashasha) moja, risasi saba", bila kuandikwa namba, kiwanda wala mwaka.

Ghuba ya Speke

Narudi kwa mtoa mada. Bado nashikilia kwamba filamu ilituonea. Ila nakubali hili: mwaka 2006 tulipoandamana, hatukubeba hata hati moja. Nikionyeshwa hati ya mzigo na risiti za mafuta za ndege moja tu, kutoka Ulaya hadi kituo cha njiani, zisizokubaliana, nitabadili msimamo wangu juu ya ndege hiyo moja. Si juu ya mji.

Mzani wa Mizigo

Ndege moja ndiyo kipimo sahihi. Anza na namba ya mkia, tarehe, na kituo ilipotua kabla ya Mwanza.