Tupeane uzoefu: kupiga Linux nyepesi kwenye netibuku za Atom

Mwanzisha mada

Wakuu, zile netibuku za inchi 10 za kati ya 2008 na 2012, yaani Asus Eee PC, Acer Aspire One, Samsung N150 na wenzake, bado zimejaa makabatini. Nyingi zinaachwa kwa sababu Windows imezishinda, wakati chuma chenyewe ni kizima. Tukusanye hapa kinachofanya kazi kweli: modeli, amri, vipimo, na kinachoharibika pamoja na sababu yake. Kusema tu kwamba "inapaa" hakumsaidii mwenye mashine mkononi.

Naanza na prosesa, maana ndiyo inayoamua faili gani upakue. Prosesa za Intel Atom N270 na N280 ni za biti 32 tu. Kuanzia N450 kwenda juu zinaweza biti 64. Ukiwa ndani ya Linux yoyote andika:

`grep -w lm /proc/cpuinfo`

Ikinyamaza, ni biti 32. Hapo usipakue Debian 13 (toleo mojawapo la Linux) iliyotoka 2025, kwa sababu haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32. Chukua Debian 12, ambayo muda wake mrefu wa matunzo unafika Juni 2028, au antiX 23 iliyojengwa juu ya hiyo hiyo Debian 12.

mkia_wa_pengwini

Kabla ya programu, fungua mashine. Ram ya GB 1 inatosha kuandika na kusoma barua pepe, lakini kwa kuperuzi weka GB 2, na ndio mwisho wa mashine nyingi za N270 na N450. Angalia aina kabla ya kununua: N450 inatumia DDR2, N455 inatumia DDR3, na kipande cha moja hakiingii kwenye nafasi ya nyingine. Amri ni `sudo dmidecode -t memory`.

Eee PC 1005HA ina kifuniko cha ram chini, skrubu moja mbili umemaliza, ila diski yake inataka mashine ifumuliwe. Aspire One ya kwanza kabisa, A150, ni kazi nzito zaidi: nafasi ya ram iko upande wa chini wa ubao mkuu, kwa hiyo unatoa kibodi, kava na ubao wenyewe. Ukiwa na haraka usiiguse.

Diski: SSD ya kawaida ya inchi 2.5, GB 120, ya bei ya chini. Njia ya SATA (inayounganisha diski) kwenye mashine za N270 inaishia Gb 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo SSD ya bei kubwa haitakuonyesha tofauti. Faida iko kwenye kutafuta faili ndogo ndogo, jambo ambalo diski ya kuzunguka hulifanya polepole mno.

Tahadhari ya chaja: Eee PC 901 na 1000H ni volti 12, 1005HA ni volti 19. Soma kibandiko cha chini, usiamini kwamba plagi ikiingia basi ni yenyewe.

kidole_cha_root

Kuandaa flashi: andika `lsblk` kwanza ujue flashi yako ni ipi, kisha

`sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Badilisha sdX. Ukikosea herufi hapo unafuta diski ya kompyuta unayotumia, na hakuna kurudisha. Anayetumia Rufus kwenye Windows, ikimuuliza achague namna ya DD.

Kubuti: Acer ni F12, lakini menyu hiyo mara nyingi imezimwa, ingia F2 uiwashe. Eee PC ni Esc. Ikiwa Eee PC inaruka moja kwa moja na vitufe havisikii, kosa ni Boot Booster. Izime ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), maana inaruka ukaguzi wa mwanzo pamoja na nafasi yako ya kubonyeza.

Wakati wa kusakinisha Debian, kwenye orodha ya programu ondoa alama zote za eneokazi, bakiza vifaa vya kawaida vya mfumo. Ukishawaka:

`sudo apt install --no-install-recommends xserver-xorg xinit icewm pcmanfm lxterminal network-manager-gnome`

Eneokazi hapo ni IceWM, jepesi sana. Weka `exec icewm-session` ndani ya `~/.xinitrc`, kisha `startx`. Angalia matumizi kwa `free -m`, na usome safu ya *available*, si *free*. Linux hutumia ram iliyolala kuhifadhi faili, kwa hiyo *free* ndogo si ugonjwa.

sina_uhakika

Mkuu, apt (ile amri ya kusakinisha programu) inakataa. Inasema faili la Release bado halijaanza kutumika. Intaneti ipo, nimeping.

kidole_cha_root

Ni saa hiyo. Betri ndogo ya BIOS imekufa, mashine inadhani iko miaka ya nyuma, ndiyo maana hata tovuti za https zinagoma. Kwa sasa weka tarehe kwa `sudo date -s`, halafu `sudo timedatectl set-ntp true`. Dawa ya kudumu ni betri mpya. Angalia kwanza, maana kwenye baadhi ya netibuku CR2032 imefungwa na waya wenye plagi ndogo, haichomoki kama ya kompyuta ya mezani.

wimbi_fupi

Wifi. `lspci -nn | grep -i net` ndiyo mwanzo wa kila kitu. Atheros AR9285 inawaka yenyewe kwa ath9k. Broadcom yenye 14e4:4315 inahitaji `firmware-b43-installer` kutoka sehemu ya contrib ya hazina ya Debian, na pakeji hiyo inapakua fimweya (programu ya ndani ya kadi) mtandaoni, yaani unahitaji intaneti ili upate intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki mtandao kwa USB, Linux itaiona kama kadi ya mtandao bila dereva lolote.

Ikishika na kuachia kila baada ya dakika chache, jaribu `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, ukibadilisha wlan0 kwa jina la kadi yako.

mkia_wa_pengwini

Kwa mwenye GB 1, zram ni lazima kwa maoni yangu. Inachukua sehemu ya ram na kuhifadhi humo kurasa zilizobanwa, badala ya kuzisukuma diskini.

`sudo apt install zram-tools`

Ndani ya `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=lz4`, `PERCENT=50`, `PRIORITY=100`. Chagua lz4 kwa sababu Atom ni dhaifu, na zstd inabana zaidi lakini inakula prosesa. Kisha `vm.swappiness=100` ndani ya `/etc/sysctl.d/99-zram.conf`. Bakiza na swapu (nafasi ya diski inayosaidia ram) ya GB 1 yenye kipaumbele cha chini, iwe akiba. Na msiweke /tmp kwenye ram kama mafundi wengi wanavyoshauri, maana hiyo ram ndiyo mnayoitafuta.

Ushauri mwingine wa kuacha ni `mitigations=off`, yaani kuzima kinga za kerneli dhidi ya mianya ya usalama ya prosesa. Atom hizi za kizazi cha kwanza hazikimbilii maagizo ya mbele, hivyo mianya ya Meltdown na Spectre haizihusu. Hakuna kasi utakayoipata hapo.

dirisha_dogo

Skrini ya 1024x600 inaficha vitufe vya chini vya madirisha. Andika `xrandr | grep connected` upate jina, kisha:

`xrandr --output LVDS-1 --scale 1.25x1.25 --panning 1280x750`

Maandishi yanafifia kidogo, lakini kitufe cha "Sawa" kinaonekana. Kurudi ni `--scale 1x1 --panning 1024x600`.

Sasa kivinjari, kwa sababu hicho ndicho kinachoua hizi mashine, si eneokazi. Unaweza kupunguza MB 60 kwenye IceWM, ukafungua ukurasa mmoja wa habari ukazila zote. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, kwa hiyo tumia `firefox-esr`. Weka uBlock Origin (kizuia matangazo) kabla ya kitu kingine. Kwenye about:config:

`dom.ipc.processCount` = 2
`fission.autostart` = false
`browser.sessionstore.interval` = 300000

Ya pili inapunguza ram lakini pia inaondoa kutenganisha tovuti, kwa hiyo mambo ya benki fanyieni kwenye mashine nyingine.

sina_uhakika

Na YouTube je?

dirisha_dogo

Ndani ya kivinjari, sahau kwenye N270. Kadi yake ya picha haifungui H.264 (mbano wa video unaotumika sana), kazi yote inaangukia prosesa. Tumia `yt-dlp -f 18`, ambayo ni mp4 ya 360p, kisha icheze kwa `mpv --vd-lavc-skiploopfilter=all`. Yt-dlp ya Debian huchakaa haraka, tafuta toleo jipya zaidi.

Wenye Atom N2600 mtajikuta na tatizo jingine: kadi yake ya picha ni ya PowerVR, na dereva la gma500 linaonyesha skrini tu bila msaada wowote wa 3D. Kwa kuandika inafaa. Kwa video, punguzeni matarajio kabla hamjatoa hela.