Mrejesho: fremu ya kioo, bampa na nembo za MGB ya 1969

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa namna ya kung'arisha MGB yangu ya wazi (gari la michezo la Uingereza lisilo na paa gumu) bila kuharibu umaliziaji wa kiwandani. Aliyesema fremu ya kioo cha mbele ni alumini ya anodaizi (iliyotiwa utando mgumu wa kinga kwa umeme), si kromu, ubarikiwe sana. Kopo la polishi, ambayo ingekwangua utando huo, lilikuwa tayari mkononi! Nimeiosha kwa sabuni laini tu, na weupe wake uliofifia kidogo umebaki.

Bampa ni chuma chenye kromu: foili ya jikoni na maji vimetoa madoa ya kutu, ila pale kromu ilipobanduka pamebaki vilevile. Herufi za nembo ya nyuma, za zinki iliyopakwa kromu, zimenishinda. Zinki imeota vitundu chini ya kromu, kusugua hakusaidii. Nimezirudisha hivyo hivyo, ni zake za asili. Asanteni mno.