Naomba ushauri: mtoto wangu njiti alisita kupumua baada ya chanjo

Habari zenu wapendwa. Mwanangu alizaliwa akiwa na wiki 27, na hadi anafikisha miezi 2 tulikuwa bado wodi ya watoto njiti. Akapewa chanjo za kawaida za umri huo, ukihesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Usiku uleule mashine ikaanza kulia: pumzi ilikatika zaidi ya sekunde 20, mapigo ya moyo yakashuka, midomo ikabadilika rangi. Muuguzi akamsugua nyayo, akavuta pumzi. Ikajirudia mara 2, akawekewa oksijeni, na siku ya tatu akatulia kabisa. Nilidhani nampoteza.

Daktari alinieleza kuwa hali hii huwatokea baadhi ya njiti waliozaliwa mapema sana, hasa waliokwisha kuwa na tatizo la kusita kupumua, na kwamba kwa kawaida hupita ndani ya siku 2 au 3. Akasisitiza tusiahirishe chanjo zijazo, maana kifaduro kikimpata mtoto kama huyu ni hatari zaidi. Namwamini, wala sina nia ya kuacha chanjo.

Sasa tuko nyumbani na dozi ya pili imekaribia. Mliopitia haya, mtoto alilazwa tena aangaliwe kwa saa 48 hadi 72, au alichanjwa mkaondoka? Je, ilijirudia? Na usiku mlimwangaliaje? Mimi bado naamka kila saa kumwekea mkono kifuani.