Miradi nyeti kama umeme na maji isamehewe tathmini ya mazingira au la?

Nguzo Kuu
Wakuu salaam. Mi nasema wazi, njia za umeme, mabwawa, maji, bandari, vitu ambavyo bila hivyo nchi inasimama, visamehewe hii tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kuchunguza madhara kabla ya kujenga. Marekani wenyewe, Rais Nixon alisaini sheria yao ya tathmini Januari 1970, leo wamechoka nayo, walipopima wakakuta ripoti moja ya mradi mkubwa inakula wastani wa miaka minne na nusu na kurasa zaidi ya 600, ikabidi 2023 waweke kikomo cha miaka 2 na kurasa 150. Ujerumani 2022 gesi ya Urusi ilipoyumba, Mei wakatunga sheria ya kuruka tathmini kwa vituo vya kupokea gesi kutoka melini, Desemba kituo cha Wilhelmshaven kimefunguliwa. Sasa kwingine akina mama wanajifungua kwa tochi ya simu huku washauri wa mazingira wanalipwa posho kuhesabu vipepeo.

Dada Mikoko
Kuhesabu vipepeo? Kaka yangu umeniudhi kweli. Kazi hii ndiyo inayonilisha na sijawahi kuhesabu kipepeo. Kuna mradi wa maji mchoro ulionesha nyumba ya pampu iko pakavu, tukakaa na wazee wa pale, mzee mmoja akatuchukua hadi kwenye mti akatuonesha alama ya tope la mafuriko ya zamani, iko juu ya kichwa changu, na palepale ndipo pampu zilitakiwa zikae! Injinia akaona mwenyewe, nyumba ikasogezwa juu kabla ya zege kumwagwa. Hiyo ndiyo tathmini unayotaka ifutwe, na mradi ulikuwa wa maji, nyeti kuliko hata huo umeme wako.

Kaka Zege
Dada heshima yako, ila si wote wako kama wewe. Mi niko upande wa ukandarasi, tuliletewa ripoti ya bomba la maji, ukifika sura ya mimea unakuta jina la mradi wa barabara wa sehemu nyingine kabisa, mtu amekopi akapesti hata kubadilisha jina ameshindwa, na ripoti ina muhuri imepitishwa. Tukasubiri miezi kwa ajili ya karatasi ile. Sasa niambie ilimlinda nani.

Dada Mikoko
Kwa hiyo mwizi mmoja akikamatwa sokoni wote tufungwe? Na huyo aliyekopi aliajiriwa na nani? Si nyie wenye mradi, mnaotafuta wa bei ya chini halafu mnamwambia wiki mbili iwe tayari!

Kaka Zege
Nimesema niko upande wa ukandarasi, sio mwenye mradi. Soma kabla ya kupaniki.

Bondeni
Mnagombana hapa wakati watu walishakufa kwa mambo haya. Vajont, Italia, 1963. Bwawa la umeme, mradi wa fahari ya taifa, mlima wa pembeni ulishaanza kupasuka na kuporomoka kidogo kidogo tangu 1960, wakaendelea kujaza maji. Usiku wa tarehe 9 Oktoba upande mzima wa mlima ukaingia bwawani, maji yakaruka juu ya ukuta yakafagia vijiji, watu kama 2,000 wamekwenda. Na ukuta wenyewe haukubomoka, upo mpaka leo. Kwa hiyo injinia akikwambia bwawa ni imara, swali lako halijajibiwa.

Nguzo Kuu
Bondeni, 1963 hizo sheria za tathmini hazikuwepo, unachanganya mambo. Pale dalili zilionekana na wakubwa wakapuuza, hata ungekuwa na ripoti ya kurasa elfu wangeipuuza vilevile. Na dada Mikoko asitulishe maneno, hakuna aliyesema wazee wasiulizwe.

Dada Mikoko
Umesema tathmini isamehewe, wazee wataulizwa na nani sasa? Kampuni ya kuchimba? Kule Lamu mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulishapata leseni, mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya ikaifuta Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Bila sheria ya tathmini wale wavuvi wangeshika nini mkononi?

Nguzo Kuu
Makaa ya mawe hata mi siyataki, mi naongelea nyaya za umeme na maji.

Sheria Msumeno
Hapo ndipo penyewe, mkuu. Kwenye mada umeandika mabwawa na bandari, sasa hivi zimebaki nyaya na maji. Nani ataandika orodha ya "nyeti"? Maana kila waziri mradi wake ni nyeti. Angalieni India, barabara ya Char Dham huko Himalaya, karibu kilomita 900, sheria yao ilitaka tathmini kwa upanuzi unaozidi kilomita 100, wakaikata vipande 53 kila kimoja kiko chini ya 100, tathmini ikarukwa. Novemba 2023 handaki la Silkyara kwenye mradi huohuo likaporomoka, vibarua 41 wamenasa ndani siku 17 ndo wakatolewa hai. Sisemi kukwepa tathmini ndiko kulikoangusha handaki, nasema mlango ukifunguliwa kidogo watu wanajua kuupitia. Na hao Wajerumani msamaha wao ulifungwa kwenye masharti ya kuzuia upungufu wa gesi, na bado watu wakaja juu kwa klorini iliyokuwa inamwagwa baharini kutoka kituo hicho cha Wilhelmshaven.

Kaka Zege
Yote sawa ila hakuna aliyenijibu kuhusu ile ripoti ya kukopi. Mnatetea sheria, mi naulizia karatasi niliyoishika.

Dada Mikoko
Nakujibu. Anayepimwa ndiye anayemlipa mpimaji, hapo ndipo karatasi yako inapotokea. Mwenye mradi aweke hela kwa mamlaka, mamlaka impange mshauri, na ripoti ikikutwa imekopiwa leseni yake ya kazi ife. Halafu muda uwekewe kikomo kama walivyofanya Marekani, hapo mi niko na Nguzo Kuu kabisa.

Nguzo Kuu
Mamlaka hiyohiyo iliyogonga muhuri ripoti ya kukopi?