Kuosha spea za injini: traiki, petroli, thina ama maji ya moto na sabuni?

Fundi_Katwe
Wakuu habari za jioni. Niko Katwe, Kampala, nafanya overhoo za injini, sanasana Noah na pikipiki za boda. Miaka yote tumeosha spea na petroli kwenye beseni, sijawahi kufikiria mara mbili. Wiki mbili zilizopita kijana wangu alikuwa anaosha silinda hedi, mama wa chai jirani akawasha sigiri yake, yaani jiko la makaa, ni kama mita sita hivi kutoka kwetu, na moto ukatembea chini kwa chini mpaka kwenye beseni. Kijana ameungua mkono wa kulia na shingo. Anaendelea vizuri lakini mimi usingizi umenikataa tangu siku hiyo.

Sasa kuna mtu ameniletea jerikeni ya lita 20 ya kitu wanaita traiki, kwenye karatasi imeandikwa trikloroethilini. Anasema haishiki moto, inakauka yenyewe, haiachi kutu. Nimejaribu nusu lita na kweli grisi ya miaka kumi imetoka kama vumbi. Bei iko juu sana kuliko petroli lakini afadhali pesa kuliko mtoto wa mtu. Jerikeni bado sijalipa. Nataka jibu la mtu anayejua maana nina vijana wanne hapa, na wazazi wao ndio waliniachia.

Busia_Spea
Pole sana kwa kijana. Traiki iko sawa kabisa ssebo, sisi huku Busia tumetumia miaka mitatu na hakuna aliyeungua. Harufu yake ni tamu hata, sio kama petroli inakukaba. Vijana wakimaliza wanakunywa maziwa jioni, basi. Chukua hiyo jerikeni kabla bei haijapanda.

Welda_Arua
Fundi usilipe. Nitaandika kirefu baadaye niko kazini.

Dobi_Jinja
Mimi sijui injini lakini hao ndugu wa traiki nawajua. Nimefanya draikilini miaka sita, kule tulikuwa tunatumia perki, yaani perkloroethilini, ambayo ni ya ukoo mmoja na hiyo yako. Mashine ya pale nilipoanzia ilikuwa inavuja kwenye mlango na chumba kilikuwa na dirisha moja tu. Saa nne asubuhi unaanza kujisikia mwepesi, unacheka cheka, saa nane kichwa kinapiga ngoma, jioni ukitoka nje ukipata hewa unasema kumbe nilikuwa nimelewa. Tuliona ni uchovu. Nilipopata mimba ya kwanza dada mmoja mkubwa akaniambia toka hapo leo sio kesho, nikatoka. Kwa hiyo Fundi, wakikwambia harufu ni tamu jua ndio shida yenyewe, kitu kinachokukaba unakikimbia, kitamu unakaa nacho.

Mwalimu_Mbale
Nafundisha kemia sekondari, nimesoma hii kitu sana maana wanafunzi wangu wengi wanaishia gereji. Fundi, swali lako ni zuri ila umelipima kwa kipimo kimoja tu, moto. Hapo muuzaji amekwambia karibu ukweli. Traiki ukiisogezea kiberiti kwenye beseni haiwaki kama petroli. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndio maana kwa joto la Kampala ilifika kwa sigiri mita sita. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni kama maji, ndivyo moto ulivyowafuata.

Sasa sikiliza, mvuke wa traiki ni mzito zaidi, mara nne na nusu ya hewa. Traiki yenyewe inachemka kwa nyuzi 87 lakini hata ikiwa baridi mvuke unapanda kwenye beseni, alafu unashuka na kukaa chini. Gereji yako iko na shimo la kuingilia chini ya gari? Mvuke utajaa mle na mtu akishuka hataona kitu. Watu wamekufa kwenye matangi ya kuoshea vyuma kwa njia hiyo, mmoja anaanguka, wa pili anaingia kumtoa naye anabaki.

Tena sio dawa mpya. Hospitali za Uingereza ziliitumia zamani kama dawa ya usingizi, hata kwa akina mama wakati wa uchungu. Kwa hiyo ule "ulevi" anaosema Dobi ni kazi yake halisi, ni nusukaputi. Marekani ilitumika hata kutoa kafeini kwenye kahawa mpaka ikakatazwa 1977. Lakini 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, lile la IARC, liliiweka kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, hapo hakuna neno labda. Saratani yenyewe ni ya figo, na kuna dalili pia za ini na za tezi za limfu. Ulaya tangu Aprili 2016 huitumii bila kibali maalum, na Marekani Desemba 2024 wametoa kanuni ya kuipiga marufuku. Jiulize jerikeni zinazokosa soko kule zinaenda wapi.

Busia_Spea
Mwalimu heshima yako, lakini petroli nayo si ina benzini inaleta saratani ya damu? Kila kitu kina saratani siku hizi. Na sisi tunavaa maski na glavu.

Mwalimu_Mbale
Ni kweli kuhusu benzini, sikatai, na ndio maana simwambii arudi kwa petroli. Ila maski gani? Kama ni ile ya kitambaa ama ya hospitali inazuia vumbi na mate, mvuke unapita kama hakuna kitu. Unahitaji ile yenye makopo ya mkaa maalum, na makopo yanajaa, lazima ubadilishe. Glavu za mpira zile nyembamba, na hata zile za bluu za naitrili, traiki inazipenya haraka, alafu unakuwa umeifungia kwenye ngozi. Maziwa hayafanyi kitu ndugu yangu. Umevuta kwa mapafu, imeingia kwenye damu, maziwa yako tumboni yatafanya nini? Nasema kwa upole maana najua karibu kila anayepaka rangi na kila welda Uganda hii ameambiwa hivyo na bosi wake.

Na pua msiitegemee. Kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wanapendekeza ni sehemu 10 kwa milioni kwa siku ya kazi, na watu wengi hawaisikii harufu mpaka imepita hapo. Alafu pua inazoea.

Kliniko_Masaka
Mimi ni ofisa wa kliniki. Busia naomba nikuulize kitu, vijana wako wakinywa bia ama waragi jioni baada ya kazi ya traiki, kuna anayesikia uso unawaka moto, kifua kinadunda, wakati zamani pombe hiyohiyo haikumfanya chochote?

Busia_Spea
Iko mmoja. Tulisema waragi ilikuwa mbaya.

Kliniko_Masaka
Hiyo inajulikana miaka mingi kwa wanaoosha vyuma na traiki, ini linakuwa linahangaika na vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwa wazungu uso unakuwa mwekundu, kwetu sisi unaweza usione ila yeye anasikia joto. Huyo kijana muondoe kwa hiyo kazi na apimwe ini na figo, na aseme wazi anafanya kazi gani maana daktari asipoambiwa ataandika malaria.

Jambo lingine, traiki ikiwa nyingi mwilini inaufanya moyo ushtuke kirahisi. Mtu amezidiwa, mtoeni kwa hewa safi, akae chini, asikimbizwe kimbizwe, na mkifika hospitali mtaje jina la dawa kabla hawajamdunga adrenalini. Na kwa anayekaa nayo miaka, wale wanajeshi wa Camp Lejeune kule Marekani walikunywa maji yenye hii kitu kati ya 1953 na 1987, watafiti waliwafuatilia na 2023 wakatoa majibu kwamba ugonjwa wa Parkinson kwao ulikuwa juu kwa asilimia 70 kulinganisha na wa kambi nyingine. Ule wa kutetemeka mikono. Fundi bila mikono ni nani?

Welda_Arua
Nimerudi. Fundi nakueleza yaliyonipata. Mwaka ule nilikuwa gereji moja huku, jina naliacha. Tulisafisha tangi la chuma na kitu cha jerikeni, bosi alisema ni "klina". Mimi sikungoja ikauke ndani ya mshono nikaanza kuchomelea. Nilipata harufu kama ya majani makavu yaliyovunda, koo likawasha kidogo, nikaendelea. Usiku saa saba ndio kifua kikafunga, nikawa napumua kama mtu anazama, nikalazwa siku tano na hewa ya mtungi. Daktari ndiye aliniambia fosijini, gesi waliyotumia kuuana kwenye vita vya kwanza vya dunia. Inatoka pale moto mkali ama mwanga wa weldingi unapokutana na mvuke wa hizi dawa zenye klorini. Inachelewa masaa, ndio ubaya wake, unaenda nyumbani ukijua umepona.

Sasa wewe unakimbia sigiri ya mama wa chai. Sigiri hiyohiyo ikivuta mvuke wa traiki inaugeuza kuwa asidi na fosijini. Na yeye amekaa hapo na mtoto mgongoni.

Fundi_Katwe
Welda umenimaliza. Sikuwa nimemfikiria huyo mama upande huo kabisa, na kweli ana mtoto.

Basi na thina? Ama ile klina ya breki ya kopo?

Mwalimu_Mbale
Thina ni petroli kwa jina lingine kwa habari ya moto, ina toluini na wenzake, nayo inapiga kichwa. Klina ya breki ziko aina mbili, moja ina klorini na nyingine haina, soma kopo. Na kuna mtu atakuletea methilini kloraidi ya kutoa rangi, hiyo inachemka kwa nyuzi 40, na mwili unaigeuza kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile ya kulala na sigiri ndani ya nyumba. Kataa pia.

Kupima jerikeni, maana karatasi inaweza kudanganya: lita 20 za petroli ni kama kilo 15, maji kilo 20, traiki karibu 29, perki 32. Ikiwa jerikeni inakuvunja mgongo kuliko maji, ina klorini. Kwenye pipa halisi tafuta namba 79-01-6, ndiyo ya traiki.

Na kwa sababu ni nzito kuliko maji, ukimwaga chini haielei kama dizeli. Inazama, inapita udongo, inapita maji ya chini, inakaa huko miaka. Marekani kiwango kwenye maji ya kunywa ni maikrogramu 5 kwa lita, yaani tone dogo linaharibu matangi. Nyinyi Katwe mfereji wenu unaingia Nakivubo, Nakivubo inaingia ziwani, na Ggaba maji ya kunywa ya Kampala yanachotwa hukohuko.

Boda_Mbarara
Sisi tuliacha petroli zamani. Kwanza kwangua na kijiti na brashi ukiwa mkavu, hapo nusu ya kazi imeisha na watu wengi wanairuka. Alafu loweka na dizeli kidogo usiku kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na moto, dizeli haishiki kirahisi kama petroli. Asubuhi maji ya moto sana na sabuni ya unga, brashi, suuza, puliza na kompresa, paka oili papo hapo isishike kutu. Kostiki soda usiweke kwa aluminiamu, itakula hedi yote na kutoa haidrojeni. Inachukua muda zaidi, kama nusu siku kwa injini, sitakudanganya.

Mwalimu_Mbale
Na kostiki isikutane na traiki kamwe, hata mabaki kwenye ndoo moja. Inatoka gesi inayolipuka yenyewe.

Busia_Spea
Kijana nimempeleka leo kupima. Zilizobaki nimefunga, nitamrudishia aliyeniuzia. Asante Kliniko.

Fundi_Katwe
Jerikeni nimeipima kwa mzani wa muuza makaa, kilo 29 na kidogo. Nimemwambia jamaa aje aichukue, amekasirika lakini ameichukua, ile nusu lita pia iko kwenye chupa ya glasi imefungwa nimempa. Hedi ya Noah tumeiosha jana njia ya Boda, tulianza saa mbili tukamaliza saa saba, mwenye gari alilalamika nikamwonyesha mkono wa kijana akanyamaza. Mama wa chai ndiye anatuchemshia maji, tunamlipa kwa ndoo. Boda, hiyo dizeli ya kulowekea mnaibadilisha baada ya injini ngapi?