Shemeji "mzoefu" wa outback ametutia hasara na hela yangu hataki kurudisha

Wakuu, nimekaa kimya wiki mbili najaribu kusamehe ila imeshindikana, acha niseme.

Tuko Adelaide, Australia, familia tatu, watu 14 ukihesabu na watoto. Likizo ya shule ya mwezi wa saba tukapanga siku 12 za kulala kwenye mahema, tuanzie Marree, tushike Oodnadatta Track hadi Marla halafu Uluru, lile jiwe kubwa jekundu. Yaani outback kabisa, kule bara kukavu kusiko na watu. Kwa asiyeijua, ile njia ni kama kilomita 620 za vumbi na kokoto, inafuata reli ya zamani ya treni ya Ghan, sheli za kuhesabu kwa vidole na mtandao ndio usahau. Mvua ikinyesha wanaifunga. Sio sehemu ya kwenda kwa sifa.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndio alikuwa msemaji mkuu. "Huko nimepita mara mbili, niachieni." Tukamwachia. Nikamuuliza kwenye group shem una tairi za spea ngapi, akajibu "mbili, usiwaze".

Tumetoka William Creek, kijiji kidogo cha njiani, saa nne asubuhi, hadi Oodnadatta ni kama kilomita 200 hakuna hata kibanda, barabara rasta tupu gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Mimi nimepunguza upepo wa matairi naenda mdogo mdogo, yeye anatupita anapiga honi anatuachia vumbi. Saa moja mbele tunamkuta kaegesha pembeni, tairi la nyuma limechanika ubavuni, vidole vinne vinapita. Nikamwambia shusha spea. Akatoa mabegi, akatoa spika, akatoa gunia la mkaa (mkaa jamani, na jiko la gesi tunalo!), chini kabisa kakatoka katairi kembamba, kale ka dharura ka kukufikisha gereji mjini. La pili liko wapi? "Lilikuwa linakula nafasi nikaliacha nyumbani."

Gunia la mkaa halili nafasi!!

Spea zetu hazimwingii, magari yetu mawili ni nati sita, lake nati tano. Ikabidi nibebe rimu mimi mpaka Oodnadatta na kurudi, nimefika saa moja usiku giza totoro. Baridi ya kule usiku mwezi wa saba sio mchezo, nimemkuta mama mkwe kajikunja kwenye siti na mablanketi mawili anatetemeka. Mama katoka Tanga kuja kutusalimia, na ni mama yake mzazi yeye! Aliponiona akauliza tu, "baba, umekula?" Nilishindwa kujibu.

Tukalala hapo hapo pembeni ya njia. Usiku mmoja tuliolipia kambi Yulara, pale karibu na Uluru, ukaenda na maji, msimu wa likizo hawarudishi hela.

Tairi ni dola 480 kwa kadi yangu. Nimemkumbusha mara tatu, unajua kasema nini? Eti tugawane kwa tatu, hizo ni "gharama za safari". Huku picha zake za Kati Thanda (lile ziwa la chumvi, Lake Eyre) kapost kasimama juu ya boneti, caption "outback nimeimaliza". Mke wangu ananiambia niache, ni kaka yake. Sawa, ila 480 ni zangu.

Jana kaandika kwenye group mwakani twende Birdsville, huko huko outback, yeye ataongoza msafara. Nimeleft.