Hendibreki ya swichi: tupeane uzoefu, hasa mliobadilisha pedi za nyuma

Wa Lanet
Jana niliingia gereji hapa Nakuru saa mbili asubuhi kubadilisha pedi za nyuma, nikatoka magharibi. Sababu ni hii hendibreki ya swichi, inayobanwa na mota ya umeme badala ya mkono wa chuma. Fundi wangu ni wa miaka mingi na namwamini. Alifungua tairi, akachukua klampu arudishe ndani pistoni, kile kinachosukuma pedi, kama anavyofanya kwa gari zote. Pistoni haikusogea. Akakaza zaidi, tukasikia kitu kinalia ndani. Ikabidi atafutwe kijana mwenye mashine ya kusoma gari, naye akafika saa tisa. Pedi zimeingia, breki ya mguu inashika vizuri, ila kwenye dashibodi kumebaki kijitaa cha manjano. Nimeambiwa kitazimika chenyewe nikiendelea kuendesha. Nani mwingine amepitia haya?

Kijana wa Kibuye
Yalinikuta, tena vivyo hivyo. Siku hizi pedi za nyuma hazifunguliwi kama mwenye mashine hajafika.

Mzee wa Miwa
Mimi niko upande wa Chemelil. Msimu wa kuvuna miwa mvua ikinyesha, njia zetu zinakuwa uji mtupu, na tope hilo linapanda mpaka kwenye kaliper, kile chuma kinachobana pedi za breki. Gari yangu ililala siku nne uani. Asubuhi ya tano nabonyeza swichi iachie, upande wa kulia ukaachia, wa kushoto ukagoma. Nilipojaribu kuondoka, tairi la kushoto likaburuzwa kwenye changarawe kama jembe. Fundi alipochomoa soketi ya mota, pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Alizisafisha, akagongagonga mota taratibu kwa mpini wa nyundo, ikazunguka. Lakini haikudumu miezi miwili, nikanunua nyingine.
Ushauri wangu: itumie kila siku hata ukiegesha tambarare. Isiyotumika ndiyo hukwama.

Dereva wa Kakamega
Kwa heshima mzee wangu, mimi nasema kinyume. Nina gari hii mwaka wa tatu, swichi sijaigusa. Naweka gia ya P, ile ya kuegesha, nashuka, nalala.

Fundi Bondeni
Ndugu wa Kakamega, hiyo P inayokushikia gari ni jino moja la chuma ndani ya gia boksi. Ukiegesha kwenye mlima, uzito wote wa gari unalalia jino hilo. Ndiyo maana asubuhi ukitoa P unasikia "kong!" Kanyaga breki, weka N (gia huru), vuta hendibreki, achia mguu gari itulie, halafu ndiyo uweke P.

Dereva wa Kakamega
Miaka mitatu, fundi. Mitatu. Na hapa kwetu ni milima.

Mama Pacha
Samahani nitaandika marefu. Nimesoma habari ya kijitaa cha manjano nikashindwa kunyamaza.
Nilibadilisha pedi za nyuma siku ya Jumatano. Gereji sitaitaja. Jumamosi nikaenda kwa dada yangu Riat, na mnaojua njia za ndani kule mnajua nyumba zimekaa kwenye mwinamo. Mvua ilikuwa imeanza. Nilisimama nje ya geti, gari inanguruma, pacha wangu wako kiti cha nyuma, wana miaka minne. Nilizoea gari langu la zamani la gia za mkono: N, hendibreki, nashuka. Nikafanya hivyo hivyo. Nikaivuta swichi, nikashuka kufungua geti.
Geti lenyewe zito. Nilikuwa nimelisukuma nusu niliposikia dada yangu akiniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo hajalitumia tangu mama yetu afariki. Nikageuka. Gari linarudi nyuma. Halikuwa na kasi, lilikuwa linaenda polepole kama mtu anayeondoka bila kuaga, na mmoja wa wanangu ananipungia mkono dirishani akidhani ni mchezo.
Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Nilishika mpini wa mlango, mlango ukafunguka, sikuweza kuingia. Lilinivuta pamoja nalo. Chini kabisa kuna barabara ambako bodaboda hupita bila kukatika. Kabla ya kufika huko, tairi la nyuma likaingia mtaro wa maji na gari likalalia ua wa mchongoma. Likasimama hapo.
Watoto hawakupata hata mkwaruzo. Mimi nilishonwa nyuzi sita gotini.
Fundi mwingine alipolisoma gari, akakuta liliachwa kwenye hali ya matengenezo. Ile hali inayorudisha mota nyuma ili pedi ziingie haikuwahi kufungwa. Nilikuwa navuta swichi na nyuma hakuna kinachobana. Siku tatu nzima taa ya manjano ilikuwa inamweka mbele ya macho yangu.

Kijana wa Kibuye
Mungu ni mwema. Pole sana mama.

Nyanya Maseno
Mwanangu, nimelia. Hao watoto wabusu kwa niaba yangu.

Dereva wa Kakamega
Pole dada, kwa dhati. Lakini angeweka P haya yasingetokea. Ndicho nilichokuwa nasema.

Kijana wa Kibuye
Mtu ameshonwa nyuzi sita wewe unatafuta ushindi?

Dereva wa Kakamega
Sitafuti ushindi. Nina watoto pia. Nasema weka P.

Mama Pacha
Muacheni, amesema kweli. Sasa naweka vyote viwili, na jiwe nyuma ya tairi.

Fundi Bondeni
Mama, kosa ni la aliyekukabidhi gari na taa inawaka. Fundi hamalizi kazi taa ikiwaka.
Na mafundi wenzangu, tuelewane. Gari kama Volkswagen Passat za kuanzia 2005 au Honda Vezel, mota imekaa nyuma ya kaliper yenyewe na inasukuma skrubu ndani ya pistoni. Ukikaza klampu unapigana na ile skrubu, utavunja meno ya mota. Subaru Legacy ya 2009 ni tofauti, ina mota moja inayovuta kebo za pande zote mbili. Kwa hizi za kaliper, unganisha mashine, weka hali ya matengenezo, mota irudi nyuma, ndipo usukume pistoni. Ukimaliza, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, halafu toa hali hiyo, vuta na uachie swichi mara tatu nne, futa kosa kwa mashine. Betri iwe na chaji ya kutosha muda wote, ikilegea katikati mota husimama njiani.

Mzee wa Miwa
Na asiye na mashine? Huku kwetu mwenye mashine yuko Kisumu.

Fundi Bondeni
Mzee, kwa nyingi za kaliper unaweza kufungua bolti mbili za mota, ukaitoa, ukazungusha skrubu kwa mkono irudi. Lakini uzuie matairi ya mbele kwa mawe kwanza, maana hapo gari haina hendibreki kabisa.

Wa Menengai
Hapo pa betri ongezeni: betri ikifa, hendibreki haiachii. Tulikwama juu ya kreta mpaka usiku, watu sita wanasukuma gari lililojifunga. Kumbe tulihitaji tu waya za kuazima moto kwa gari jingine.

Kijana wa Kibuye
Ndiyo maana napenda mkono wa chuma. Unavuta, unasikia "krrr", unajua imeshika.

Nyanya Maseno
Na yule wa Lanet aliyeanzisha habari hii, ile taa yake imezimika?

Wa Lanet
Nimetoka nje kuangalia. Inamweka. Gari liko kwenye mteremko wa uani, mdomo umeelekea nyumba ya jirani. Nimeweka P, nimeweka mawe mawili, moja kila tairi la mbele. Fundi Bondeni, kesho asubuhi uko? Siliendeshi, nakuja na bodaboda kukuchukua wewe na mashine.

Fundi Bondeni
Niko. Saa moja.